Upande wa Pili Ulibaki Baa

"Hizi nyimbo alizichagua nani?"

Hilo ndilo swali la kwanza mjomba aliloniuliza. Tulikuwa tumeketi nje ya nyumba yake hapa Lodwar, jua limeshatua lakini mchanga bado una moto wa mchana, na spika yangu ndogo nimeiweka juu ya ndoo iliyofunikwa. Nilikuwa nimemletea zawadi. Ni mkusanyo unaoitwa Kenya Special, uliotolewa Uingereza mwaka 2013 na kampuni ya Soundway: nyimbo 32 za miaka ya 70 na 80, nyingi zikiwa zilitoka tu kwenye sahani ndogo za santuri, zile za mizunguko 45 kwa dakika, tena zilizochapwa chache. Kulikuwa na Mombasa Vikings, kulikuwa na Ndalani 77 Brothers wa Ukambani, kulikuwa na Slim Ali. Niliona nimefanya jambo kubwa, maana mjomba alikuwa mtu wa sahani.

Alisikiliza nne, kiganja shavuni, bila kutikisa hata mguu. Ndipo akauliza. Nikamweleza kwamba ni Mzungu mmoja mtafutaji wa sahani za zamani, na kwamba alizichagua kwa sababu ni adimu.

Mjomba akacheka hadi akakohoa.

"Adimu! Mpwa wangu, wimbo ukiwa adimu maana yake haukupata wanunuzi. Mimi nilizibeba hizo sahani kwa lori. Zile nzuri ziliisha. Zile mbaya ndizo zilirudi Kitale."

Nilijaribu kubishana. Nikamwambia kwamba huko nje kuna watu wanalipa pesa nyingi kwa sahani moja kama hizo. Akasema hiyo ni sawa, hata mfupa wa ngamia kuna mtu ataulipia akiutoa mbali. Kisha akaniuliza swali la pili, lililonikaa kichwani kwa miezi: "Na upande wa pili uko wapi?"

Ili kumwelewa mjomba, lazima kwanza tukubaliane upande wa pili ni nini.

Kwa Wazungu, upande wa pili wa sahani ndogo ulikuwa mahali pa makombo. Upande wa kwanza una wimbo ambao kampuni inataka uuzike, wa pili una kitu chochote kilichobaki studio. Ndiyo maana bendi zao zikishakuwa kubwa hukusanya makombo hayo na kuyatoa kama albamu. Vijana wa Nairobi wanaopenda roki ya huzuni, ile wanayoiita emo, watakutajia Eudora ya The Get Up Kids, ya mwaka 2001, au Ups & Downs ya Saves the Day, ya mwaka 2004. Na mashabiki hubishana vilevile kila mara: huu kwa nini uliachwa nje, ule ulistahili kuachwa. Ni ubishi mtamu. Lakini ni ubishi wa nyimbo mbili tofauti, moja iliyopendelewa na moja iliyotupwa.

Kwetu haikuwa hivyo. Miaka ya 60, enzi za twisti na za studio ya Equator pale Nairobi, nyimbo zilikuwa fupi na sahani ilibeba mbili, mmoja huku na mmoja kule. Miaka ya 70 mambo yakabadilika. Bendi za Kongo zilikuwa zimeingia Nairobi na wimbo wao haukuwa wa dakika tatu. Super Mazembe, wakiongozwa na Mutonkole Longwa Didos, walifika mwaka 1974 wakitokea Zambia. Baba Gaston na bendi yake wakaja mwaka uliofuata. Samba Mapangala akaja mwaka 1977, na mwaka 1981 akaunda Orchestra Virunga. Upande wa Tanzania, ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga walikuwa wameshavuka mpaka mwaka 1971 na wakawa Simba Wanyika, na mwaka 1978 baadhi ya vijana wao wakatoka na kuanzisha Les Wanyika, hao wa Sina Makosa.

Wimbo wa watu hawa ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza maneno, yanaimbwa polepole, gita linapiga kwa adabu, mtu anaeleza shida yake. Halafu maneno yanaisha, ngoma inakaza, magita yanaachiliwa, saksafoni inaingia, na watu wote wanasimama. Wakongo sehemu hiyo wanaiita sebene. Wimbo mzima unaweza kufika dakika nane au tisa. Sahani ndogo kila upande ilichukua dakika nne, tano hivi. Sasa utafanyaje? Wenye kampuni walikata wimbo katikati. Upande mmoja ukaandikwa sehemu ya kwanza, mwingine sehemu ya pili. Mara nyingi sauti ilififizwa mwishoni mwa upande wa kwanza na kuibuliwa tena mwanzoni mwa wa pili, kama mtu anayetoka mlango wa mbele na kurudi kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo hapa kwetu upande wa pili haukuwa makombo. Ulikuwa ndio ngoma yenyewe.

Mjomba anajua haya kwa vidole. Mwishoni mwa miaka ya 70 alikuwa utingo wa lori kati ya Kitale na Lodwar, kilomita 300 hivi, safari ambayo wakati huo haikuwa na saa ya kufika. Anaikumbuka barabara ikitengenezwa kwa msaada wa Norwei miaka ya 80, tingatinga zikisukuma mchanga, na vijana wa huku wakizipa mashine hizo jina la Mazembe. Walikuwa wamepatia: bendi yenyewe ilijiita kwa jina la mashine kubwa za kusukuma udongo, na ikaweka picha ya tingatinga kwenye kasha la santuri.

Mwenye baa mmoja hapa Lodwar alikuwa na mashine ya santuri ya betri, na kila safari alimpa utingo pesa amletee sahani. Mjomba alizifunga kwa nguo zake na kuzilaza katikati ya magunia ya unga, kwa sababu ukiiacha sahani juu ya dashibodi kutoka Kainuk hadi Lokichar inajikunja kama chapati. Joto la Turkana ni adui wa santuri. Ukisikia leo kwamba Lodwar hakuna sahani za zamani, usidhani hatukupenda muziki. Ziliyeyuka. Zile ambazo hazikuyeyuka ziliingia mchanga.

Lori likiwa limelala mji, kazi ya mjomba usiku ilikuwa kugeuza sahani. Alisimama kando ya mashine. Upande wa kwanza ukiisha, anaiinua, anaigeuza, anashusha sindano. Alilipwa kwa bia. Ananiambia kwamba upande wa kwanza watu walikuwa wanaketi, wanazungumza bei za mbuzi, na macho yao yako kwake. Akigusa tu sahani, viti vinasukumwa.

"Ule muda wa kugeuza," anasema, "ndio mtu alikuwa anaamua atacheza na nani."

Ndiyo maana swali lake lilikuwa zito. Katika mkusanyo wangu nyimbo zilikuwa zimeunganishwa, nyingine zilikuwa na upande mmoja tu, na masikio yake yalikuwa yanangoja mkono wa kugeuza ambao haukuja.

Tangu jioni ile nikawa nakusanya maoni. Wengine wanakusanya sahani, mimi sina pesa hizo. Nilikuwa nabeba ile flashi kila niendako, nacheza nyimbo, naandika watu wanasema nini.

Mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa Magharibi aliyeletwa Lodwar na kazi na akakataa kuondoka, alimpinga mjomba waziwazi. Yeye anasema redio na maduka ndiyo yaliyoamua wimbo gani uvume, wala si uzuri. Bendi isiyo na mtu wa kuisukuma River Road ilikufa na sahani mia chache. "Kukosa wanunuzi si dhambi ya wimbo," akasema. "Ni kama mtoto mwerevu aliyekosa karo." Lakini yeye naye ana lalamiko. Anapenda kazi za Ketebul Music, wale wa Nairobi waliotoa Retracing the Benga Rhythm mwaka 2008, kwa sababu walikwenda kuwatafuta wanamuziki wenyewe na kuandika kitabu kinachokaa na nyimbo. Mkusanyo bila majina ya wapiga gita, kwake, ni picha ya harusi isiyo na bwana harusi.

Mzee mwingine, Mturukana, alisikiliza nyimbo 32 zote kwa siku mbili kwa uvumilivu wa ajabu. Kisha akasema: "Wakikuyu wapo, Wakamba wapo, Wajaluo wapo, watu wa pwani wapo. Sisi tuko wapi humu?" Sikuwa na jibu. Mjomba akalitoa: edonga haina upande wa kwanza na wa pili. Edonga inaisha watu wakichoka, na hakuna sahani ya kuibeba.

Hapo ndipo nilipokwenda Kakuma. Ilikuwa Januari 2025 na nilikuwa na kazi ya siku tatu huko. Ni kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, unapanda Probox ikijaa, na ikijaa maana yake imezidi.

Kakuma ninayoijua mimi ni miji miwili iliyoshikana. Upo mji wa zamani wa Waturukana na wafanyabiashara wa barabarani, na ipo kambi iliyoanza mwaka 1992 kwa ajili ya vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kutoka Ethiopia. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Warundi, Wakongo, na kuanzia mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakapokea wengine. Leo wakimbizi wa pande zote mbili wamepita 200,000. Muziki wao umekuja nao. Ukitembea sokoni jioni unapita nyimbo za nchi tano kabla hujafika kwa muuza mkate.

Kwanza nilisimama kwenye kibanda cha kuchaji simu pale mjini. Msichana anayekiendesha, Mturukana wa miaka ishirini na kitu, ndiye anayewajazia watu flashi nyimbo. Nilipomwambia natafuta nyimbo za zamani hakusita: "Kasongo?" Mwishoni mwa mwaka 2024 wimbo huo wa Super Mazembe ulikuwa umefufuka Kenya nzima, kwa sababu vijana walikuwa wamelifanya jina hilo kuwa la utani kwa Rais William Ruto. Wimbo wa mwaka 1977 ukawa kwenye kila simu. Nikamuuliza kama ameusikia wote. Akashangaa. "Kwani uko na mwingine?" Alichokuwa nacho ni kipande cha sekunde kumi na tano. Nikamchezea dakika mbili zaidi. Akasikiliza kwa heshima, kisha akaniambia ukweli wake: "Sehemu poa ni ile ya mwanzo. Hapo kwingine ni magita tu."

Magita tu! Nikafikiria uso wa mjomba akisikia hayo. Lakini nikasema pia, huyu dada si wa kulaumiwa. Amepewa nusu na anaipenda nusu aliyopewa.

Kwenye kambi, Kakuma 1, kuna kinyozi Mkongo ambaye hunyoa huku redio imewekwa chini ya kiti ili vumbi lisiiingie. Ana umri kama wa mjomba. Kwao ni Kivu, na Kilingala alikijua kutokana na muziki na kutokana na wanajeshi, kama watu wengi wa kwao. Nilikaa kwenye benchi lake alasiri nzima.

Kuhusu mkusanyo alisema vitu viwili. Kwanza, wale waliounganisha nyimbo wamefanya haraka. "Pale katikati lazima kikuwe kimya kidogo," akasema. "Mtu ananywa maji, anapangusa jasho. Sasa hii inakimbia tu, kama mutu mwenye anafukuzwa." Pili, wale wapiga gita walikuwa watu wa kwao, na Kenya haikuwapa raha. Nilikuwa nimesoma juu ya jambo hilo: katika miaka ya 80 serikali ilibana vibali vya kazi vya wanamuziki wa kigeni, na bendi zilizokuwa zinajaza kumbi za Nairobi zikaanza kupoteza watu, nyingine zikavunjika. Kinyozi hakuhitaji kusoma. "Karatasi," akasema, akisugua vidole. "Ule naye alikuwa na shida ya karatasi. Mimi kufika Nairobi naomba karatasi. Yeye alikuwa tayari Nairobi, anaomba karatasi ya kukaa." Mkimbizi wa Kakuma hatoki kambini bila kibali cha kusafiri. Tangu aje, kinyozi hajawahi kuuona huo mji ambao nyimbo anazozipenda zilirekodiwa.

Halafu nikamwekea Kasongo. Alikuwa anamnyoa mtoto. Akazima mashine.

"Nyinyi Wakenya munapenda hii wimbo sana," akasema. "Munajua inasema nini?"

Nikasema si wimbo wa furaha, wa kumshangilia mtu anaitwa Kasongo? Hivyo ndivyo sote tulivyoelewa. Mjomba huuimba kila akitoka safari, tangu nikiwa mdogo, anaingia uani na mfuko begani akiliita hilo jina kwa sauti ya juu, na sisi watoto tunakimbia kumpokea.

Kinyozi akatikisa kichwa. "Ule ni bibi anaongea. Bwana yake ameenda, amekawia. Anamuita arudi ku nyumba. Haiko shangwe hii, mwanangu. Ni bibi anangoja."

Akawasha mashine, akamaliza kichwa cha mtoto.

Nilirudi Lodwar na wimbo mzima kwenye flashi, mwanzo hadi mwisho, kinyozi alikuwa nao kwenye kompyuta ya rafiki yake. Njiani nilikuwa naandika makala haya kichwani na yalikuwa yamekaa vizuri. Nilikuwa na hoja: kwamba nyimbo zetu zilikatwa vipande viwili na vipande hivyo vikaenda kwa watu wawili. Redio ilichukua upande wa kwanza. Sauti ya Kenya, kabla haijaitwa KBC mwaka 1989, ilifika Lodwar kwa masafa mafupi, vizuri zaidi jua likizama, na vipindi vya salamu vilikuwa na kadi nyingi za kusoma na dakika chache za muziki, kwa hiyo msikilizaji wa nyumbani alipata maneno, magita yakianza tu kuchangamka anapata sauti ya mtangazaji. Upande wa pili ulibaki baa. Na baa, Lodwar ya miaka ile, ilikuwa ya wanaume. Mwanamke aliyetaka jina lake libaki zima hakuingia. Kwa hiyo wanaume walikuwa na sebene na wanawake walikuwa na redio. Nyimbo ziliimba habari za wanawake kwa upande mmoja na kuchezwa na wanaume kwa upande wa pili. Niliona nimegundua kitu.

Kasoro moja tu: katika maoni yote niliyokusanya Lodwar sikuwa nimemuuliza mwanamke hata mmoja. Anti, mke wa mjomba, alikuwa amepita mbele yetu jioni zote hizo akibeba maji, chai, viti, na mimi nilikuwa na daftari mkononi.

Basi nikamwomba akae. Mjomba alikuwepo. Nikawaeleza alichosema kinyozi kuhusu Kasongo, kwamba ni mke anayemngoja mume. Mjomba alinyamaza. Nadhani alikuwa anahesabu. Miaka ya 80 alikuwa barabarani. Miaka ya 90 malori ya msaada yalipoanza kujaa Lokichogio kwa ajili ya Sudan, alikaa huko, akirudi baada ya miezi miwili, mitatu. Mara zote aliingia uani na wimbo uleule.

"Mbona hukuniambia?" akamuuliza anti, kana kwamba anti anajua Kilingala.

"Ningejuaje? Mimi sijawahi kuusikia ukiisha."

Hapo nikaingilia kati na hoja yangu. Nikamweleza anti kuhusu redio, vipindi vya salamu, watangazaji na dakika zao. Nikamwambia si kosa lake, nusu ya wimbo haikumfikia.

Anti alinitazama kwa muda.

"Redio haikukata kitu," akasema. "Ni mimi nilikuwa nazima."

"Ulikuwa unazima?"

"Ninyi wanaume mnazungumza nyimbo kama redio inakula upepo. Redio inakula mawe. Mawe yakiisha ilikuwa ni kuyaanika juani, yapate nguvu kidogo, na nguvu hiyo haifiki kesho. Wimbo ukianza nasikiliza kidogo, nazima. Nilikuwa nangoja habari."

"Habari gani, anti?"

Alimwelekeza kidevu mjomba.

"Za huyu. Lori likipigwa risasi Kainuk nani angeniletea habari? Simu hazikuwepo. Tulikuwa tunangoja taarifa ya jioni, halafu matangazo ya vifo. Wasipotaja gari, wasipotaja jina, nalala. Sasa wewe unataka nimalizie mawe kwa magita?"

Mjomba alikuwa anachora kitu mchangani kwa kidole cha mguu. Katika mazungumzo yetu yote ya sahani na baa alikuwa amenisimulia Kainuk kama mahali pa joto, mahali ambapo santuri hujikunja. Hakuwa amenisimulia risasi. Nilikuja kumuuliza baadaye, akasema malori mawili ya kabla yao yalipigwa, mara mbili tofauti, na kwamba hayo si mambo ya kuandika kwenye makala ya muziki.

Mimi naona ni ya makala hii hasa. Watu wanaokusanya nyimbo adimu huuliza sahani ngapi zilichapwa, zilibaki ngapi, iko wapi iliyo safi. Ni maswali mazuri, na bila wao nisingekuwa na flashi ya kubeba. Lakini wimbo pia huwa adimu ndani ya nyumba iliyo na redio, unapokuwapo hewani kila jioni na mtu anauzima kwa mkono wake kwa sababu betri ni ya kitu kingine. Hakuna mkusanyo unaoweza kuonyesha hilo. Na Kasongo haukuwa adimu hata siku moja. Ulikuwa wimbo unaojulikana kuliko karibu nyimbo zote za wakati wake. Ila mwanamke ambaye wimbo huo ulimhusu kuliko mtu yeyote Lodwar hakuwahi kuufikisha mwisho.

Hoja yangu ya redio na baa sijaitupa. Bado naamini upande wa pili ulikuwa wa wanaume, na mwalimu mstaafu ananiunga mkono. Ila sasa najua kwamba sababu hazikuwa studio na kituo cha redio peke yake. Nyingine ilikuwa bei ya mawe mawili ya redio, na hatari ya barabara ambayo mjomba aliipenda.

"Weka basi," anti akasema.

Nikaweka. Maneno yakapita, yale ambayo sasa tuliyajua. Mjomba hakuimba. Magita yalipoanza, mkono wake wa kulia ulisogea kidogo hewani, ule mkono wa kugeuza, halafu ukarudi gotini. Anti alisikiliza akiwa ameegemea ukuta, macho kwenye spika kama mtu anayeangalia sufuria isije ikafurika. Hakusema kitu hadi mwisho.

Wimbo ulipoisha aliuliza kama tuna mwingine.

Nikamwekea Sina Makosa, ule wa mwanamume anayejitetea. Mjomba akasimama, akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Anti akamwambia mbuzi wameshalala, akae asikilize, na huu pia una upande wa pili.